Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere: Mwanafunzi wa Likizo na Njia ya Nyegina



Ndugu wapendwa, kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, maparoko na makatekista wa Tarime, Rorya na Serengeti huingia katika majira yenye furaha na hofu kwa pamoja. Ni furaha kwa sababu vijana wetu wanarudi nyumbani kutoka shule za bweni na vyuo, kwaya zinajaa, na vigango vilivyokuwa kimya tangu Juni vinapata sauti mpya kuelekea Noeli. Hofu nayo haijifichi. Desemba ndiyo majira ya jando, na kwa binti wengi wa ukoo huu au ule ndiyo majira ya kutishiwa kukeketwa, kisha kuozwa kabla shule haijafunguliwa. Kwa hiyo likizo ya kijana wa Mara haijawahi kuwa jambo dogo. Katika majuma hayo machache huamuliwa mambo ambayo mwaka mzima wa darasani hauwezi kuyabadilisha tena.

Katika kutafakari jambo hili, nimeona inafaa tumrudie mwana wa mkoa huu ambaye sehemu kubwa ya safari yake ya imani ilifanyika akiwa mwanafunzi, kati ya shule na nyumbani. Tumezoea kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kama Baba wa Taifa. Leo tumtazame akiwa kijana, mkatekumeni na mlei wa parokia.

Mtoto wa mvua

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu huyo. Siku ya kuzaliwa kwake mvua kubwa ilinyesha, naye akapewa jina la Kambarage, jina la roho ya mvua katika imani ya wazee wa Kizanaki. Kwa hiyo aliyekuja kubatizwa Nyegina alitoka katika nyumba iliyokuwa na dini yake, heshima yake na taratibu zake. Alikulia mitaani mwa wake wa baba yake, akichunga mbuzi na kushika jembe kama watoto wengine, na utoto wake haukupambwa na ufahari wowote ambao jina la mtoto wa chifu lingeweza kutufanya tuudhanie.

Husimuliwa kwamba akili yake ilionekana kwanza katika mchezo wa bao, na kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, alimshauri Burito ampeleke mtoto huyo shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliiacha Butiama na kwenda shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa takribani kilomita 40. Masomo yaliyopangwa kwa miaka minne aliyamaliza kwa mitatu.

Mwaliko wa rafiki

Mwisenge ilikuwa shule ya serikali, wala haikuwa kazi yake kumfanya mtu Mkristo. Lakini misheni ya Nyegina haikuwa mbali. Ilikuwa misheni ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, na ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika eneo hilo. Kijana Kambarage hakuipata njia ya Nyegina kwa kuhubiriwa na padre. Aliipata kwa rafiki yake wa shule, Oswald Marwa, aliyekuwa tayari akihudhuria mafundisho ya dini. Alimfuata rafiki, akasikiliza, akaanza kuuliza maswali.

Hapa nawaomba vijana watulie kidogo. Katika Injili ya Yohane, Andrea alimleta ndugu yake Simoni kwa Yesu, na Filipo alimleta Nathanaeli. Kanisa limekua hivyo tangu mwanzo, kwa mtu kumshika mwenzake mkono. Kijana anayemwalika mwenzake kwenye mazoezi ya kwaya au semina ya vijana hajui anamwalika nani. Oswald Marwa hakujua kwamba aliyekuwa akitembea naye siku moja angeongoza nchi.

Likizo za mkatekumeni

Ili tuelewe miaka iliyofuata, tunapaswa kuukumbuka mtindo wa ukatekumeni wa zamani. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya maandalizi. Wazee wetu wengi wa Nyegina, Kowak na kwingineko waliipita njia hiyo. Kwanza mtu aliandikishwa na kujifunza sala, akapewa medali ya kuvaa shingoni kama ishara ya wazi kwamba ameanza safari. Kisha alifuata mafundisho ya katekisimu, aliyoyakariri neno kwa neno, na karibu na ubatizo alihamia misheni kwa majuma ya maandalizi ya mwisho. Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, padre akiielekea altare, na waumini walisali rozari au waliimba nyimbo walizofundishwa na katekista. Mkatekumeni alipaswa pia kuonyesha kwa mwenendo wake kwamba anajua anachokiomba, hasa katika jambo la ndoa.

Mwaka 1937 Nyerere alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora. Safari ilikuwa ndefu: meli kutoka Musoma hadi Mwanza, kisha gari moshi hadi Tabora. Aliporudi likizo alirudi katika dunia mbili. Nyumbani Butiama alikuwa mtoto wa chifu, mwenye wajibu wa kimila kwa baba na ukoo. Nyegina alikuwa mkatekumeni kama mkatekumeni mwingine yeyote. Alizitumia likizo zake kuendelea na mafundisho, na aliwashirikisha majirani wa Butiama yale aliyokuwa amejifunza. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mwinjilishaji kabla ya kuwa Mkristo.

Mgongano haukukosekana. Alipokuwa bado mvulana wa shule, baba yake alikuwa amemposea msichana kwa mujibu wa desturi. Kwa wazee wa wakati ule hilo lilikuwa tendo la upendo, baba akimwandalia mwanawe nyumba. Lakini kijana aliyetaka kuingia katika Kanisa, na baadaye kufunga ndoa ya Kikristo kwa hiari yake, hakuweza kulichukulia jambo hilo kirahisi. Uhusiano huo haukuendelea. Inafaa tulione hilo kwa makini, kwa maana vijana wetu wa Tarime wanalijua vizuri. Kijana aliyeandaliwa maisha na ukoo, naye akasikia ndani yake mwito mwingine, hana budi kupita katika upweke fulani. Nyerere aliupita bila kumdharau baba yake. Maisha yake yote aliendelea kujivunia kuwa Mzanaki, aliisema lugha ya mama yake, na alirudi kuzikwa katika ardhi ya baba yake.

Chifu Burito alifariki mwaka 1942, nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe Edward Wanzagi. Mwaka uliofuata Nyerere aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Ilipofika likizo ya Noeli ya mwaka huo wa kwanza, mafundisho yalikuwa yamekamilika. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21, alibatizwa Nyegina na Padre Mathias Koenen, akachukua jina la Julius. Tunaona basi kwamba wakati ambapo vijana wengine walikuwa wakirudi nyumbani kupumzika, yeye alirudi kuzaliwa upya. Baadaye mama yake naye alipokea ubatizo, akaitwa Christina. Imani iliyoingia Butiama kwa mtoto ilimfikia mzazi.

Mwalimu, na mke kutoka Baraki

Alipohitimu Makerere mwaka 1945, Nyerere alifundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Mapadre Weupe iliyoongozwa na Padre Richard Walsh. Mtu huyu alikuwa na nafasi kubwa katika maisha yake. Nyerere aliwahi kufikiria upadre, naye Padre Walsh akamsaidia kutambua kwamba Mungu alimwita kwingine. Sisi tulio katika malezi ya miito tuna la kujifunza hapa. Mlezi mwema hamvutii kijana upande wake. Humsaidia kusikia. Kama Padre Walsh angetafuta tu kuongeza idadi ya mapadre, yamkini Kanisa lingepata padre mmoja mwema, nalo taifa lingekosa kiongozi wake.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada. Watu wa nyumbani walitazamia kumwona msomi akitembea kwa suti. Badala yake walimwona Butiama akichanganya udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake, kwa kuwa alikuwa akijiandaa kuoa.

Na hapa historia yake inaigusa moja kwa moja nchi yetu ya kaskazini mwa mto Mara. Mchumba wake, Maria Gabriel Magige, alizaliwa Baraki, ambayo wakati huo ilihesabiwa Tarime na leo iko Wilaya ya Rorya. Mzee Gabriel Magige alimpeleka binti yake shule katika zama ambazo wazazi wengi wa huku waliona kumsomesha msichana ni kupoteza ng'ombe wa kesho. Maria alisoma Nyegina kwa masista, akaendelea Ukerewe, kisha akasomea ualimu Sumve. Walipofunga ndoa mwezi Januari 1953, walikutana walimu wawili, wote wawili wamepita katika malezi ya misheni. Nyumba ile ya Butiama ilisimama pia juu ya uamuzi wa mzazi mmoja wa Baraki wa kumwacha binti yake asome. Tunapozungumza na wazazi kuhusu binti zao msimu huu, mfano huo hatuna haja ya kuutafuta mbali.

Katekisimu kwa Kizanaki

Baada ya ndoa alifundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Mwaka 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York alikokwenda kuieleza dunia hoja ya Tanganyika, ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi, na pamoja na kazi mshahara, akiwa na familia, akarudi nyumbani.

Miezi hiyo ya 1955 haisimuliwi mara nyingi, lakini kwa Kanisa la Musoma ina thamani ya pekee. Wakati huo Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, waliofika kwetu mwaka 1946, ndio waliokuwa wakilisha kundi la Mungu katika eneo hili. Miongoni mwao alikuwa Padre Arthur Wille, aliyetumwa kwa Wazanaki na kuhitaji lugha yao. Kiongozi wa TANU alikaa chini akamfundisha padre Kizanaki, akatafsiri masomo ya Dominika na katekisimu katika lugha hiyo. Mtu aliyekuwa amezungumza mbele ya mataifa hakuona ni kazi ya chini yake kutafuta neno sahihi la Kizanaki kwa ajili ya bibi kizee wa kigangoni. Alijua kwamba Neno la Mungu haliingii moyoni mwa mtu mpaka liseme lugha ya jikoni kwake.

Mapenzi hayo ya lugha na Maandiko hayakumwacha hata uzeeni. Baada ya kung'atuka alitunga tenzi ndefu za Kiswahili zilizozisimulia Injili nne na Matendo ya Mitume, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Wengi wetu tunazijua tafsiri zake za tamthilia za Shakespeare, ilhali tenzi hizo zimesahaulika katika maktaba za parokia. Ni hazina inayofaa kurudishwa mikononi mwa kwaya na vikundi vya vijana.

Ikulu na benchi la kanisani

Historia ya uongozi wake inajulikana, nami sitairefusha: Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Jamhuri mwaka mmoja baadaye, Muungano na Zanzibar mwaka 1964, Azimio la Arusha mwaka 1967, na kuachia urais kwa hiari mwaka 1985. Katika miaka yote hiyo waumini wa parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, walizoea kumwona asubuhi na mapema katika Misa, Rais wa nchi akipiga magoti kati ya wapishi na walinzi waliokuwa wakielekea kazini. Aliposafiri, alitafuta Misa. Alipokuwa Butiama, alilima na kusali.

Hakuifanya imani yake kuwa silaha ya kisiasa. Alijenga nchi ambamo Mwislamu, Mkristo na mwenye kufuata dini ya jadi walikaa meza moja. Na alipozungumza na Kanisa hakulibembeleza. Mwezi Oktoba 1970, mbele ya Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lisimame na maskini katika kuzibadili hali zinazowafanya wawe maskini, wala lisitosheke na kuwafariji.

Haki inatudai tuseme pia kwamba maisha yake ya uongozi yana kurasa ngumu. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962 iliwaumiza baadhi ya wananchi. Katika operesheni za vijiji vya ujamaa familia zilihamishwa kwa nguvu, na watu wa mkoa huu wanaikumbuka miaka hiyo. Shule za Kanisa zilitaifishwa, zikiwemo shule zilizofanana na ile ya Tabora ambako yeye mwenyewe alifundisha. Mwenyewe alikiri hadharani kwamba makosa yalifanyika. Kanisa halimwombei mtu atangazwe mtakatifu kwa kuficha sehemu ya maisha yake. Huyapima yote, likitafuta kama fadhila zilikuwepo kwa kiwango cha kishujaa hata katikati ya udhaifu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama siku chache baadaye. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma, chini ya Askofu Justin Samba, lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Tukumbuke maana yake: twaweza kumwomba atuombee katika sala zetu binafsi, lakini ibada ya hadhara bado, mpaka Kanisa litakapotoa hukumu yake. Kila tarehe 1 Juni mahujaji kutoka Tanzania hukusanyika Namugongo, Uganda, wakisali kwa nia hiyo.

Likizo zetu za leo

Tujiulize sasa: Nyegina ya miaka ile ilimpa nini mwanafunzi wa likizo? Haikuwa na ukumbi wa kisasa wala vyombo vya muziki. Ilikuwa na mambo matatu. Ilikuwa na mlango ulio wazi kwa kijana asiye Mkristo. Ilikuwa na padre na katekista wenye muda wa kujibu maswali yake kwa miaka, bila kuharakisha ubatizo. Na ilikuwa na uvumilivu kwa kijana aliyevutwa na ukoo upande huu na dhamiri upande ule.

Mambo hayo matatu tunaweza kuwa nayo hata katika kigango maskini kuliko vyote. Maparoko wenzangu, tusipange safari zetu zote mwezi wa Desemba, mwezi ambao vijana wako nyumbani. Makatekista, andaeni mafundisho ya likizo kwa vijana waliochelewa sakramenti, na msiwaaibishe kwa umri wao. Vijana mlio vyuoni, rudini vijijini na mfundishe watoto kusoma Biblia na kufanya hesabu, kama alivyofanya mwanafunzi yule wa Tabora kwa majirani zake. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mjue kila nyumba yenye binti katika jumuiya yenu, na msisubiri usiku wa mangariba ndipo muulize yuko wapi.

Kwa binti ambaye nyumba yake imegeuka kuwa mahali pa hatari, Kanisa lina wajibu wa kuwa na mlango ulio wazi usiku na mchana. Masista wanaohudumu Masanga, Tarime, wamekuwa wakiwapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji katika majira haya. Tuwasaidie kwa chakula, kwa magodoro na kwa sala, na zaidi kwa kuzungumza na wazee wa mila kwa heshima, mchana kweupe, kabla msimu haujafika. Yeye aliyekuwa mtoto wa chifu alituonyesha kwamba yawezekana mtu aipende mila ya baba yake na bado akatae sehemu yake isiyompa uhai.

Ee Mungu mwema, uliyemwongoza mtumishi wako Julius katika njia ya Nyegina tangu ujana wake, uwalinde vijana wetu katika likizo hizi. Uwape marafiki watakaowaleta kwako, wazazi watakaosimama nao, na Kanisa lenye muda wa kuwasikiliza. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.